Usiku Mmoja wa Tsavo na Matuta ya Kila Siku

Mama alikuwa na mazoea ya kuhesabu matuta. Kutoka getini kwetu Kitengela hadi barabara ya Namanga kuna matuta tisa, ukiyatoa mawili ambayo mvua imeshayala. Hakuhesabu kwa sauti. Nilijua anahesabu kwa sababu mkono wake ulishika kishikio cha juu ya mlango kabla tairi halijagusa tuta, na baada ya lile la tisa aliuachilia na kushusha pumzi. Ana shida ya diski za mgongo. Kila baada ya wiki mbili nampeleka kliniki kufanyiwa mazoezi, na kuna siku nilihisi kwamba safari ya kurudi inabomoa kile ambacho daktari amejenga kwa saa nzima.

Gari ni la Baba Mdogo. La Kijerumani, lakini lilitumika kwanza Japani kabla ya kuteremshwa Mombasa. Aliliendesha mwaka mmoja na nusu, akapata kazi Doha, akaniachia ufunguo pamoja na masharti. Mimi naandika vitu vya kulipwa kipande kwa kipande, na chuo niliacha mwaka wa tatu, kwa hivyo kwenye familia mimi ndiye mtu mwenye nafasi. Mtu mwenye nafasi ndiye dereva. Ndiye anayempeleka Mama kliniki, anayemchukua mtoto wa dada shuleni, na anayeendesha hadi Wundanyi kukiwa na msiba, harusi, au nyanya akisema tu kwamba ametukosa.

Sharti moja la Baba Mdogo lilikuwa kuhusu matairi. Gari lile lilikuja na matairi ya ranflati, yale ambayo ubavu wake ni mnene na mgumu kiasi kwamba upepo ukiisha wote, ubavu wenyewe unabeba gari. Unaweza kuendelea kama kilomita 80, ilimradi usizidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ndiyo maana waliolitengeneza hawakuliwekea spea. Fungua buti, inua zulia, hakuna lile shimo la kuweka tairi la tano. Walikuwa na hakika kiasi hicho.

Ubaya ni kwamba ubavu unaoweza kubeba gari bila upepo hauna huruma hata upepo ukiwepo. Tairi la kawaida likigonga shimo linajikunja kidogo, linameza sehemu ya kishindo. Ranflati linakipitisha chote juu, kwenye springi, kwenye kiti, na kwetu sisi, kwenye uti wa mgongo wa Mama.

Nilipomwambia Baba Mdogo kwamba nataka kuyatoa niweke matairi ya kawaida, alinyamaza kwa muda nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kijana, unaijua barabara kati ya Mtito na Voi?"

Naijua. Ni karibu kilomita 100, na sehemu kubwa imepita katikati ya Tsavo, Mashariki upande mmoja na Magharibi upande wa pili. Usiku ni malori, giza, na mara nyingine ndovu. Mtandao unakuja ukitaka. Na ukipiga hesabu utaona Baba Mdogo hakuwa anatisha mtu bure: hata ukipata pancha katikati kabisa, ranflati litakufikisha Mtito au Voi, chagua wewe. Ni kama aliyeweka ile kilomita 80 alikuwa ameangalia ramani yetu. Tairi la kawaida litakushusha hapo hapo, na Mama asiyeweza kuinama, na mtoto wa miaka sita amelala kiti cha nyuma, na wewe na tochi ya simu.

"Mgongo unauma, haufi," akasema.

Mama alikuwa anasikia, simu ilikuwa kwenye spika. "Muulize nani alimwambia haufi," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sibishani kuhusu mpira. Upande mmoja kuna maumivu madogo yenye uhakika, kila siku, matuta tisa kwenda na tisa kurudi. Upande mwingine kuna balaa kubwa ambalo huenda lisitokee maisha yetu yote. Wanafalsafa wamelizunguka swali hili miaka mingi: je, maumivu madogo mengi yanaweza kujumlishwa mpaka yakawa mazito kuliko janga moja? Wako wanaosema hapana. Ukichukua maumivu ya kichwa ya watu milioni, wanasema, hupati kifo cha mtu mmoja, kwa sababu hakuna mtu anayeyabeba yote kwa pamoja. Nilikuwa nakubaliana nao nikiwa chuoni, kwenye lile somo pekee la falsafa tulilolazimishwa kuchukua. Lakini Mama anayabeba yote kwa pamoja. Ni mwili mmoja. Tuta la tisa linakuta kile tuta la nane limeacha. Kwa mtu kama yeye hakuna maumivu madogo kumi na manane. Kuna jambo moja refu ambalo sisi wengine tunaliona likiwa limekatwakatwa.

Nikidhani nimeshinda hoja, nikamkumbuka yule wa miaka sita.

Mama anajua mgongo wake na anajua Tsavo, amezipita safari hizo tangu enzi za basi. Akisema afadhali hatari ile kuliko maumivu haya, amechagua akiwa na akili zake. Mtoto hakuulizwa. Yeye matairi ya ranflati hayamsumbui hata kidogo, matuta kwake ni mchezo, anaomba niyarudie. Kwa hivyo nikibadilisha, faida inaenda kwa mtu mmoja na sehemu ya hatari inamwangukia mwingine asiyepata chochote. Dada yangu nilipomwambia aliguna tu. "Si wewe ndiye unaendesha," akasema. Sijui kama hiyo ni ruhusa au lawama iliyowekwa akiba.

Nisingekuwa nawaza hivi kama tairi lenyewe lingekuwa la kitu kingine, lakini ukilichunguza tairi lolote unakuta hilo swali limo ndani tangu mwanzo. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyeishi Belfast. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, yenye mpira mgumu usio na upepo, na barabara za mawe zilikuwa zinamtikisa. Baba akatengeneza mpira wenye upepo ndani ili mtoto aendeshe vizuri, akapata hataza mwaka 1888. Mwingine alikuwa ameshalifikiria jambo hilo miaka ya 1840, ila halikushika. La Dunlop lilishika. Yaani upepo kwenye tairi ulishika njia kwa sababu ya starehe ya mtoto mmoja, si usalama. Ila dunia ilipotaka baiskeli, na baadaye magari, ilitaka mpira mwingi, na sehemu ya mpira huo ilitoka Kongo ya Mfalme Leopold, ambako wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema, na kule kulikuwa na watu waliokatwa mikono. Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwake mwaka 1908 baada ya kelele za dunia. Simlaumu mtoto wa Belfast. Nasema tu kwamba starehe ina tabia ya kumtumia bili mtu ambaye hakuwepo mezani.

Basi nikakaa na matairi yale miezi miwili zaidi, nikijiambia nafikiria.

Kilichonisukuma ni taa. Dashibodi ya gari letu ilikuwa inawasha alama ya manjano, na skrini inaandika sentensi ya Kijapani. Magari mengi yaliyotoka huko yana mazoea hayo, yanakusemesha lugha ya kwao na wewe unabonyeza mpaka yanyamaze. Nilibonyeza. Sikumbuki ni siku ngapi, labda nne, labda wiki. Gari lilikuwa linaenda vizuri tu. Siku niliyompeleka kwa jamaa wa pancha kwa shughuli nyingine, akazunguka, akapiga teke tairi la nyuma kushoto, akaniangalia.

"Boss, hii haina kitu."

Haikuwa na upepo hata kidogo. Kwa macho ilionekana sawa na wenzake, kwa sababu ubavu ulikuwa umesimama. Alihangaika nayo na vyuma vyake akashindwa kuitoa kwenye rimu, ilibidi twende mahali penye mashine. Ilipotoka, ndani kulikuwa na unga mweusi, mpira uliojisaga wenyewe. Fundi wa pale aliushika kwa vidole kama mtu anayepima kahawa. Alisema hilo haliwezi kuzibwa, na kwamba lingeweza kupasuka wakati wowote. Akanionyesha pia nambari nne ubavuni, 3214: wiki ya 32 ya mwaka 2014. Sehemu ya ule ugumu uliokuwa ukimtesa Mama ulikuwa uzee. Hilo nalisema ili nisimdanganye mtu kwamba ranflati zote ni mawe.

Lakini kilichonishtua ni ule unga. Siku zote hizo nilimbeba Mama, nilimbeba mtoto, nikiwa na amani kabisa, juu ya kitu kilichokuwa kimekufa na hakionyeshi. Mwanauchumi wa Chicago, Sam Peltzman, aliandika mwaka 1975 kwamba ukimpa dereva vifaa vya usalama, anaweza kuutumia ule usalama kuendesha kwa ujasiri zaidi, na faida ikapungua. Watu wamebishana naye tangu hapo kuhusu kiasi. Mimi sikuongeza mwendo. Niliacha kuangalia. Tangu nipewe gari lile sikuwahi kupima presha hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na matairi ambayo hayahitaji mtu kuyajali.

Na hapa niseme jambo ambalo Baba Mdogo alilisema kabla yangu, kwa hasira, nilipompigia kumweleza kwamba sasa lazima yanunuliwe mapya na nimeamua yawe ya kawaida. Alisema, "Wewe kazi yako ni kutupa spea. Ulitupa shahada, sasa unatupa tairi." Karo ya mwaka wa pili alilipa yeye, kwa hivyo alikuwa na haki ya kuumia. Kwetu shahada ilikuwa inaongelewa hivyo hivyo: hata mambo yakiharibika, utakuwa na kitu cha kukufikisha mji wa karibu. Sikumjibu. Ningemjibu ningesema kwamba mwaka wa tatu mimi nilikuwa lile tairi la nyuma kushoto. Nilikuwa nahudhuria, nafanya mitihani, napata alama za katikati, nikipiga simu nyumbani sauti iko sawa. Ubavu umesimama. Ndani nilikuwa najisaga. Siku niliyoacha kila mtu aliona nimepasuka ghafla, na kumbe ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu yeyote kuona kitu cha kweli. Lakini pia sina kazi ya kudumu, na mwezi ambao wahariri hawalipi, nakaa katikati ya Tsavo kabisa, bila mtandao. Baba Mdogo hajakosea kuhusu hilo. Kuna usiku namkubali yeye kuliko ninavyojikubali.

Nilinunua ya kawaida, Kirinyaga Road. Bei ya ranflati moja ingekaribia kuninunulia mawili. Mwenye duka alinisifia kwamba ni ya misimu yote, akanionyesha alama ya M+S, maana yake ni matope na theluji. Matope tunayo. Theluji tunayo pia, iko juu ya Mlima Kenya na gari halifiki. Nilinunua na la tano, na jeki, na spana ya magurudumu. Kwa kuwa buti halina shimo, lile la tano limelala juu ya zulia, limefungwa kamba, linachukua mahali ambapo tulikuwa tunaweka ndizi na parachichi za nyanya. Sasa ndizi zinakaa miguuni pa mtoto.

Gari limebadilika, si kwa uzuri tu. Kwenye kona linalegea kidogo, kama mtu aliyevua viatu, kwa sababu springi zake zilipangiwa ubavu mgumu. Mama hajali kona. Juma la kwanza mkono wake bado ulipanda kwenye kishikio, kwa mazoea. Juma la tatu ulibaki mapajani.

Mwezi Agosti tulienda Wundanyi. Zamani tungetoka jioni baada ya kazi ya dada, tufike usiku. Sasa nimeweka sheria kwamba Mtito tunapita kukiwa na mwanga, la sivyo tunalala. Maana yake dada alipoteza siku ya kazi, na mtoto akaamshwa saa kumi alfajiri akilia. Ile hatari haikwenda mbali sana. Imegeuka saa, na saa hizo wanalipa wao pia. Nimemweleza dada hivyo. Aliguna vile vile.

Kufika Sultan Hamud Mama alikuwa amelala. Sikuwahi kumwona amelala kwenye gari lile. Mdomo wazi, shingo imeegemea dirisha, malori yanapita na haamki. Nilijikuta naendesha nikisikiliza matairi, kila sauti ndogo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa na yale mengine. Mtito nilisimama, nikachukua kipima presha nilichonunua na kuzunguka gari, moja, mbili, tatu, nne, kisha nikafungua buti nikapima na lile la tano.

Mama akaamka. "Kuna nini?"

Nikamwambia naangalia upepo tu. Akauliza Voi ni mbali gani, nikamwambia karibu kilomita 100. Akalitengeneza leso shingoni, akarudi kulala.