Jiwe, Shukrani na Lawama

Mtu aliyevuka miaka hamsini, kisha akaanza kujifunza jiolojia, hutazamwa kwa mashaka mkoani Kagera. Akiokota jiwe kando ya barabara iendayo Muleba na kulipasua kwa nyundo ili alione ndani, hakosi kuulizwa: lina fedha? Swali hilo si la ujinga. Kyerwa imechimbwa bati tangu enzi za ukoloni, na Ngara inayo nikeli ya Kabanga. Kwa nini basi mtu mwenye akili zake ahangaike na jiwe lisilouzika? Kijana husamehewa, maana ana mtihani.

Hata hivyo, anayechelewa kuanza ndiye ambaye mawe humgusa zaidi. Kijana hukariri majina ya miamba na kuyaacha kwenye chumba cha mtihani. Mtu mzima amekwisha kujenga, kuzika na kugombea mpaka wa shamba. Kila anachojifunza kuhusu ardhi hukuta ndani yake jambo aliloliamini zamani, na pengine hulipindua. Hapo swali la faida hupoteza uzito wake, likaja lililo gumu zaidi: mtu huyu amshukuru nani, na amlaumu nani?

Majabali yanayolitazama Ziwa Victoria hapo Bukoba ni mawe ya mchanga. Mchanga huo ulitandazwa kabla hajatokea duniani mnyama mwenye mfupa, hivyo atafutaye visukuku vya samaki humo atatafuta bure. Ziwa lenyewe ni kitoto mbele yake. Mto Kagera zamani ulielekea magharibi, hata ardhi ilipoinuka kando ya Bonde la Ufa ukageuzwa mashariki, na maji yakajikusanya. Tena, yapata miaka 17,000 iliyopita, ziwa likakauka, kisha likajaa upya. Wapo wanaodai kwamba hesabu kama hizi humdunisha binadamu. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Aliyekulia kando ya ziwa lile, akaona mitumbwi ikitoka na mmoja usirudi, hakungoja jiolojia imfundishe udogo wake.

Kinachomshtua ni kibanja. Mwamba wa mchanga huzaa udongo hafifu, na mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, huuosha rutuba yake. Rweya, ule uwanda wa nyasi usiomea kitu cha maana, ndio sura halisi ya ardhi hiyo. Kibanja chenye migomba na mibuni, kinachosifiwa kuwa baraka ya ardhi ya mababu, kimeumbwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya zikabebwa vichwani, maganda ya ndizi kutoka jikoni, kizazi baada ya kizazi. Aliyezoea kusifu ukarimu wa ardhi hugundua kuwa alikuwa akilishukuru jiwe na kumsahau bibi yake. Na bibi huyo, kwa mila, hakuwa na kauli juu ya kibanja alichokilisha. Ilikuwa mwaka 1990 ambapo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza sawa na mwanamume. Kitabu cha miamba hakisemi lolote juu ya hukumu ile, lakini anayekisoma akiwa na kibanja chake mwenyewe hawezi kutoiona.

Lawama nayo ina njia yake. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9; watu zaidi ya kumi walifariki, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Waganda, ng'ambo ya mpaka, humwita Musisi mungu wa matetemeko, na tetemeko lenyewe ni musisi vilevile. Wengine, kila panapotokea msiba wa namna hiyo, huzungumzia adhabu ya dhambi. Lisbon ilipoporomoka mwaka 1755, Voltaire aliandika shairi la uchungu juu ya ulimwengu wenye mateso kama yale. Mwaka uliofuata Rousseau akamjibu kuwa nyumba zile ndefu zilizosongamana hazikujengwa na maumbile.

Anayeijua miamba humwelekea Rousseau. Nguvu iliyotikisa Kagera haikuchagua waovu. Zilizoua ni kuta za matofali zisizofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege. Ni kweli, lakini ni kweli inayochoma. Ukuta ulioangukia mtoto huenda ulijengwa na babake mwenyewe, kwa fedha za kahawa ya misimu mitatu, na hakubaki na shilingi ya nondo. Kumwondolea mtu huyo dhambi kisha kumtwika ukuta si huruma. Lawama haina budi kuendelea na safari: kwa bei ya saruji, kwa fundi ambaye hakufundishwa, kwa waliojua kwamba Bonde la Ufa liko karibu wakanyamaza.

Kwa hiyo mzee mwenye nyundo, akienda matangani, hukaa na wenzake akatoa pole kama wao, na mawe yake huyaacha nyumbani. Miezi ikipita, jirani akianza kuchimba msingi mpya, ndipo huenda asubuhi mapema, kabla fundi hajafika, akauliza nondo zimenunuliwa ngapi.