Theta, Piga Hesabu Kabla ya Matokeo

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne hapa katika wadi ya Theta, Juja, anataka kusomea nini, atakujibu bila kusita: udaktari, uhandisi, sheria, uuguzi. Muulize ana nafasi gani ya kuipata kozi hiyo, na sauti itashuka ghafla. "Nitajaribu." "Mungu akijalia." "Tungoje matokeo." Ni majibu yenye adabu lakini hayana kazi. Nafasi ya kuingia chuo kikuu katika Kenya hii si siri ya serikali wala si pata potea. Ni hesabu, na unaweza kuipiga leo jioni kwa kalamu na kile kikokotoo unachoingia nacho mtihani wa hisabati.

Tuanze na nchi nzima. Mtihani wa KCSE wa 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kusomea digrii, walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya wanne. Waliopata A kamili walikuwa 1,693 tu. Wako wanaosoma takwimu hizi kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Mimi nazisoma vingine. Vyuo vikuu vyote vya Kenya haviwezi kujazwa na vijana 1,693, na havijawahi kujazwa hivyo. Wanaoketi kwenye madarasa yale kwa maelfu ni watu wa B+, wa B, wa B-, wa C+. Ni watu kama wewe, ambao mwalimu hakuwaita mbele ya gwaride kupigiwa makofi.

C+ huanzia pointi 46 kati ya 84. Tangu KCSE ya 2023, pointi hizo hutoka katika hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba lile somo linalokutoa jasho bila faida linaweza kuachwa nje ya hesabu. Isipokuwa hisabati. Hisabati haina mlango wa nyuma, kwa hiyo acha kuitafutia.

Lakini alama ya jumla haikupi kozi, na hapo ndipo vijana wengi huumia. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huangalia klasta: masomo manne yanayohusiana na kozi unayoitaka, kila moja hadi pointi 12, jumla hadi 48. Kanuni yake haina uchawi. Gawanya pointi zako za klasta kwa 48, gawanya pointi zako za jumla kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. KUCCPS wenyewe huingia ndani zaidi, hadi alama za mtihani, lakini hesabu hii ya pointi itakuonyesha vizuri umesimama wapi.

Chukua wanafunzi wawili wa kubuni, wote wana pointi 67, B+. Wote wanataka uhandisi. Wa kwanza ana B+ ya hisabati, A- ya fizikia, B+ ya kemia na A- ya jiografia, ingawa lugha na biolojia zimemshinda kidogo. Klasta yake ni 42, na mwisho wa hesabu anapata 40.1. Wa pili ana jiografia ileile ya A-, lugha nzuri na biolojia nzuri, lakini hisabati ni B-, fizikia B na kemia B. Klasta yake ni 37, na anapata 37.6. Nyumbani wote wawili wamechinjiwa kuku. Mbele ya kozi wanapishana kwa pointi mbili na nusu, na katika kozi zinazogombaniwa watu hukosa nafasi kwa sehemu ndogo tu ya pointi moja.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa pana nguvu ambayo hakuna anayekuuzia. Tuseme huyu wa pili amebakiwa na muhula mmoja, na ana uwezo wa kuinua somo moja kwa pointi mbili. Akiinua Kiingereza kutoka B+ hadi A, atafika 38.2. Akiinua kemia kutoka B hadi A-, atafika 39.2. Jasho ni lilelile, faida ni karibu mara tatu, kwa sababu kemia inahesabiwa ndani ya klasta na ndani ya jumla pia. Mwanafunzi anayejua jambo hili hasomi tu "kwa bidii". Anajua saa yake ya kesho alfajiri inakwenda wapi na kwa nini. Mwenzake anaweza kukesha zaidi yake na bado akaachwa.

Halafu kuna masharti ya masomo, ambayo hayasamehi. Kama uliacha fizikia ulipochagua masomo ya kidato cha tatu, uliaga uhandisi siku hiyo hiyo, hata kama miaka miwili baadaye utapata A za kujaza ukurasa. Wanaopenda udaktari nao waangalie biolojia na kemia kabla ya kuangalia koti jeupe. Tovuti ya KUCCPS huonyesha masharti ya kila kozi, pamoja na pointi alizokuwa nazo mwanafunzi wa mwisho kupokelewa miaka iliyotangulia. Ukishakuwa na namba yako, iweke kando ya hiyo. Ikizidi, usilale. Ikipungua kidogo, umejua unachokifukuza. Ikipungua sana, tafuta kozi jirani kwa moyo mkunjufu, wakati bado una muda wa kuipenda.

Nimesikia wazazi wa huku wakisema vyuo ni vya watoto wa wakubwa, au vya waliosoma shule za kitaifa kama Mang'u iliyo jirani yetu. Ni kweli kwamba maabara nzuri na walimu wa kutosha hufungua njia, na mtoto wa shule ya kutwa anayerudi nyumbani kuchota maji anaanza mbio akiwa nyuma. Huo ni udhalimu na si wa kufunikwa. Lakini kompyuta inayopanga nafasi haimjui babako, haiulizi sare yako ilikuwa ya rangi gani, na haijui kama Theta ni wadi ya Juja au mtaa wa Nairobi. Inajua namba. Basi ipe namba.

Na vyuo vyenyewe viko hapa hapa. JKUAT iko Juja, Zetech iko Ruiru, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika mjini, KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, nayo ina kampasi Thika. Usiidharau stashahada, tafadhali. Hata JKUAT yenyewe ilianza 1981 kama chuo cha kawaida cha kilimo na teknolojia, kwa msaada wa Japani, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Chuo kilipanda ngazi kwa miaka 13. Wewe unaona aibu kupanda kwa miaka mitatu?

Wenye macho ya mbali zaidi wajue kwamba ng'ambo kuna hesabu nyingine kabisa. Mwaka 1959 Tom Mboya alisafirisha wanafunzi 81 kwa ndege hadi Marekani, na mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda Kansas kwa mpango huohuo. Leo mipango kama Zawadi Africa kwa wasichana, na KenSAP, huwaandaa Wakenya kwa vyuo vya huko. Harvard hupokea chini ya watu watano kati ya kila mia wanaoomba, na hutazama alama za miaka yote ya sekondari, insha zako, na walimu wako wamekuandikia nini. Huko mtihani mmoja wa Novemba haukuokoi. Kama hiyo ndiyo njia yako, uanze mapema ukiwa sekondari, si baada ya matokeo.

Wazazi, mtoto akileta ripoti ya muhula, msiishie kwenye "ulikuwa namba ngapi?" Kuwa wa pili katika darasa dhaifu hakumpi mtu kozi. Muulizeni: "Klasta yako ya kozi unayoitaka ni ngapi sasa?" Asipojua, ketini naye mezani, mpige hesabu pamoja. Hata kama hamkumaliza shule, kugawanya kwa 48 hakuhitaji digrii.

Kikosi cha mwisho cha mfumo wa elimu wa 8-4-4 kitafanya KCSE mwaka 2027. Kama uko ndani yake, kabla hujalala toa ripoti ya muhula uliopita, andika pointi za masomo yako yote, chagua kozi tatu, piga hesabu ya kila moja. Kesho mpelekee mwalimu wa somo linalokuangusha ile karatasi, umwonyeshe pengo kwa kidole, na umwambie unataka kuliziba kabla ya mtihani wa majaribio.