Nyuki na Haki ya Jirani

Napenda kuwauliza ndugu zangu Waislamu wa mwambao suala moja ambalo sijalisikia likiulizwa barazani wala msikitini. Mtu akimdhulumu jirani yake kwa jambo ambalo jirani mwenyewe hajui kuwa amedhulumiwa, wala hapana shahidi aliyeona, wala aliyedhulumu hakukusudia, je, pana deni baina yao?

Msidhani nasema habari ya kuiba nazi usiku au kusogeza mpaka wa shamba. Hayo hukumu zake zajulikana, na makadhi wamekwisha kuyachoka. Nasema habari ya nyuki.

Kundi la nyuki liliingia katika dari ya msikiti wa mtaani kwetu, baina ya boriti na mabati, likakaa. Haukupita mwezi, mtoto mmoja wa chuoni akaumwa shavuni, na wazee wakakutana baada ya sala ya Alasiri. Mmoja akasema waitwe warina asali wawahamishe. Mwengine akajibu kuwa hao wakaa mbali, tena watataka ujira. Mwisho likakatwa shauri la moto. Yakanunuliwa mafuta ya taa, vijana wakapanda usiku na vienge, na asubuhi nyuki waliokufa wakafagiliwa uani, wakajaa makarai mawili. Nami sitaki msomaji anidhanie kuwa nalisimama kando nikilaumu. Fedha za mafuta nalizitoa mimi, na nikazihesabu kuwa ni sadaka.

Nyuma ya msikiti ule, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, pana shamba la jirani yetu apandaye matikiti na maboga. Msimu ule matikiti yake yalitoka machache, na mengi katika hayo yalikuwa yamepinda, upande mmoja umejaa na wa pili umenywea. Yeye alisema ni mvua. Huenda ilikuwa mvua. Mimi sikulifikiri jambo lile mpaka ilipopita miaka miwili, niliposoma habari za maua na jinsi yazaavyo.

Mtikiti hutoa maua ya namna mbili, dume na jike. Ua jike hujulikana kwa kitikiti kidogo kilicho chini yake tangu halijafunguka. Hufunguka asubuhi, na jioni kazi yake imekwisha, halifunguki tena. Katika saa hizo chache ni lazima unga wa ua dume, ambao siku hizi huitwa chavua, ufike juu ya ua jike. Unga huo una mnato, upepo hauuchukui. Wauchukua nyuki, katika manyoya ya miili yao, huku wao wakitafuta chakula chao. Wala si safari moja. Wataalamu wa kilimo wasema ua jike lataka kuzuriwa mara nane au zaidi ndipo tikiti likue sawasawa. Likizuriwa mara mbili tatu, ama tunda huanguka lingali changa, ama hukua upande ule uliopata unga na kunywea upande ule uliokosa.

Nalipoyasoma maneno hayo nalikifunga kitabu. Matikiti ya jirani nalikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Wala si matikiti tu. Mpapai jike huletewa unga wa mpapai dume na nondo wakubwa warukao baada ya jua kuchwa, wale ambao tukiwaona tarazani twawapiga kwa kiatu. Mbuyu hufungua maua yake jioni, na mgeni wake ni popo. Msufi vile vile. Biringani na pasheni hupendwa na wale nyuki weusi wakubwa watoboao boriti za nyumba zetu, nao hulitikisa ua la biringani kwa mtetemo wa misuli ya kifua mpaka unga ukamwagika, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Ua la mwembe nalo hutegemea zaidi nzi, na najua hapa msomaji atacheka. Wataalamu walioyapima mazao makuu ya chakula duniani mwaka 2007 waliona kuwa katika mazao 115, mazao 87 yafaidika kwa kazi ya viumbe hawa. Mpunga na mahindi hayamo, kwani hayo hayahitaji mdudu. Kwa hivyo sisemi kuwa nyuki wakifa tutakufa njaa. Nasema tutakula wali mkavu.

Yuko atakayesema: "Rizki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, haiko mbawani mwa mdudu." Neno hili ni la kweli, lakini latumiwa mahali pasipokuwa pake. Kila aliyesoma hadithi ajua habari ya mitende ya Madina. Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wakiutia mtende jike unga wa mtende dume kwa mikono yao, akaonelea kwamba pengine jambo lile halina faida. Wakaliacha, na mwaka ule tende zikawa mbovu. Aliposikia aliwaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Muslim, na watu wetu wenye asili ya Omani hawahitaji kufundishwa, kwani huko hata leo mkulima huupanda mtende na shada la maua ya dume mkononi. Hapana aliyewaambia kuwa wamepungukiwa na tawakuli. Mwenye kuruzuku ndiye aliyeiweka sababu, na mwenye kuikata sababu hawezi kujificha nyuma ya jina la Mwenye kuruzuku.

Tena tuitazame kazi yenyewe. Mtende wahitaji mtu kuupanda mara chache tu kwa msimu. Vanila asili yake ni Mexico, na nyuki wake wa huko hawakuja nayo ilipoletwa visiwa vya bahari yetu. Tangu mwaka 1841, kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius wa kisiwa cha Réunion, alipovumbua namna ya kuifanya kazi hiyo kwa kijiti, kila ua la vanila katika visiwa hivi hutiwa unga na mkono wa mtu, ua moja baada ya moja, asubuhi kwa asubuhi. Mwenye shamba la maboga ahesabu maua yake, kisha ahesabu vidole vyake.

Sasa nirejee kwenye deni. Mtu wa fikihi ataniambia: nyuki wa mwituni hana mwenyewe. Aliye katika mzinga ni mali ya mwenye mzinga, lakini huyu aliyekuja na upepo akakaa darini ni mubaha, hana bwana. Basi anayemuua amemdhulumu nani?

Nami najibu kwa maji. Mvua ikinyesha, mfereji ukatiririka, maji yale hayana mwenyewe, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Lakini Zubeir alipogombana na jirani yake, mtu katika Ansari, juu ya mifereji ya Harra, Mtume hakusema kwamba maji hayana bwana basi kila mtu afanye apendavyo. Alimwamuru Zubeir anyweshe mitende yake, kisha ayaachie maji yende kwa jirani. Basi kitu kikiwa si milki ya mtu, haki ya jirani yaweza kuwa ndani yake vile vile, maadamu chapita kwangu na kufika kwake. Na nyuki ni mfereji urukao. Huondoka darini mwa msikiti, akapita juu ya ukuta wangu, akazuru shamba la huyu na la yule, maili moja na mbili na pengine zaidi. Niliyemchoma usiku mmoja nimeziba mfereji wa watu nisiowajua idadi yao. Tofauti ni kuwa mfereji wa maji ukizibwa jirani huuona mkavu akaja kugomba. Huyu wa nyuki haoni kitu. Asema ni mvua.

Na huko kutoona kwake ndiko kunakonitia khofu. Mdai ajuaye haki yake huweza kusamehe, na asiyejua hana la kusamehe, na deni hubaki palepale.

Wala nyuki mwenyewe si kitu cha kupuuzwa. Sura nzima ya Kurani, ya 16, yaitwa kwa jina lake, na humo twaelezwa kuwa Mola wake ndiye aliyemfunulia ajenge milimani na mitini na katika vile wajengavyo watu. Nalikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi kabla ya kutoa fedha za mafuta, na sikuwahi kufikiri kuwa dari ya msikiti ni katika vile wajengavyo watu. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa viumbe wanne, na nyuki ni mmoja wao. Na katika Bukhari na Muslim kimo kisa cha mtume mmojawapo wa zamani aliyeumwa na chungu chini ya mti, akaamuru kiota chao kichomwe, akalaumiwa na Mola wake kwa kuuteketeza umma mzima kwa kosa la chungu mmoja. Sisi tuliumwa na nyuki mmoja, shavu la mtoto mmoja.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Nyuki wetu wa mwambao ni wakali, na kundi lililokasirika laweza kumuua mtu mzima. Uhai wa mtoto wa chuoni ni bora kuliko mizinga yote ya dunia, na aliyevamiwa ana ruhusa ya kujitetea. Lakini fikihi hiyo hiyo yasema mvamizi huzuiwa kwanza kwa lililo jepesi. Likitosha jepesi, zito si halali tena. Kumwita mrina asali aje usiku na moshi kidogo, awahamishie mzingani, lilikuwa jepesi. Halikushindikana. Tuliona ujira wake ni mwingi, na mafuta ya taa ni rahisi. Hilo ndilo lote.

Moto si mbaya kuliko dawa. Siku hizi kila mwenye shamba ana bomba la dawa mgongoni, na wengi hupulizia saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wamo ndani yake. Baadhi ya dawa hizo hushika mishipa ya fahamu ya mdudu, asijue njia ya kurejea kwake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizikataza tatu katika jamii hiyo zisitumiwe nje mashambani, mwaka 2018. Asiyekuwa na budi kupulizia, basi apulizie jua likichwa, nyuki wakiwa wamerudi, wala asiguse mmea ulio katika maua. Aache ukingo wa magugu yenye maua kando ya shamba, ingawa jirani atamwita mvivu. Warina asali nao waache masega machache, wasikombe yote. Na kigogo kikavu kilichotobolewa tobo na nyuki weusi kikiachwa uani, pengine wataiacha boriti. Sina hakika nalo, lakini kwangu wameiacha.

Na anayedhani kuwa jambo likishaharibika halitengenezeki, aende Pemba. Huko kuna popo wakubwa wasiopatikana popote duniani ila kisiwani humo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa na misitu yao kukatwa, hata waliokwenda kuwahesabu waliona wachache mno. Wanavijiji wenyewe wakafanya vikundi vya kuilinda miti wanamolala, kama ile ya Kidike, na wakaacha kuwinda. Kufika miaka ya 2007 na 2008 hesabu yao ilikuwa imepita 20,000. Hawa ni wakulima na wavuvi kama sisi, hawakuwa na fedha kutuzidi.

Nimesema kuwa huenda ilikuwa mvua. Sina yakini kuwa nyuki wa msikitini ndio waliokuwa wakizuru matikiti ya jirani, na mbele ya kadhi nisingeweza kuhukumiwa. Lakini tumefundishwa kuwa baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi pana mambo yenye shaka, na mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake. Basi baada ya sala ya Ijumaa moja nalimwendea yule jirani nyumbani kwake, nikamweleza habari yote, na mafuta ya taa ndani yake, nikamwomba anihalalishie.

Alinitazama kitambo, akacheka. "Sheikh," akasema, "mimi sikujua kama wale nyuki walikuwa na kazi kwangu. Nimekusamehe." Akanimiminia kahawa. Kisha akaweka buli chini na kuniuliza: "Na wenye mashamba ya upande wa pili wa barabara, hao umewaendea?"

Nalikuwa sijawaendea. Ni wanne, na mmoja wao amekufa. Kwa warithi wake nalikwenda jana.