Kupigwa Si Kutubu

Damu inayoruka katika Raging Bull ni chokoleti ya maji. Martin Scorsese aliitengeneza filamu hiyo ya 1980 kwa picha nyeusi na nyeupe, na humo chokoleti hufanana na damu kuliko damu yenyewe. Mtazamaji aliyeingia na mashaka ana haki ya kuuliza kama toba inayoonyeshwa humo nayo si ya namna hiyo hiyo.

Kisa ni cha Jake LaMotta, bondia wa Bronx aliyemvua Marcel Cerdan ubingwa wa dunia wa uzito wa kati mwaka 1949. Robert De Niro, aliyenenepa takribani kilo 27 ili amwigize LaMotta wa miaka ya baadaye na kitambi chake, aliistahili Oscar yake. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko mwishoni, pale maneno ya Injili ya Yohana, sura ya 9, kuhusu kipofu aliyefumbuliwa macho, yanapotokea baada ya saa mbili za mwanamume anayempiga mkewe. Nani kafumbuliwa?

Jibu la filamu limo mwilini. Februari 14, 1951, mjini Chicago, Sugar Ray Robinson anamtwanga LaMotta hadi mwamuzi anasimamisha pambano raundi ya 13. LaMotta, uso umevimba, anajigamba kwamba hakuangushwa, na kamera inakwenda taratibu kwenye kamba ya ulingo inayodondosha damu. Scorsese, Mkatoliki aliyewahi kusoma seminari, anaupiga picha mwili ule kama wa msulubiwa. Sawa, lakini Robinson hakuwa akimdai chochote. Wadai walikuwa mkewe Vickie na mdogo wake Joey, anayepigwa mezani mbele ya watoto wake.

Katika hili Ukatoliki wenyewe hauko upande wa filamu: kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Waislamu nao wanaijua hoja hii, kwamba dhambi iliyogusa haki ya mja haifutwi na kilio peke yake mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe. Baadaye, akiwa jela huko Florida, LaMotta anaupiga ukuta wa seli kwa kichwa na ngumi, analia kwamba yeye si mnyama. Tukio hilo linatisha kweli. Ila mle selini hamna hata mmoja kati ya wale aliowakosea.

Mtetezi wa filamu atasema neema haingoji madeni yalipwe. Kipofu wa Injili hakulipa kitu. Lakini sura hiyo hiyo inasema wazi kwamba upofu wake haukutokana na dhambi yake.

Tena ungamo la kweli lilikuwepo. Mwaka 1960, mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, LaMotta alikiri kwamba pambano lake la 1947 na Billy Fox alikubali kulipoteza makusudi ili apewe nafasi ya kugombea ubingwa. Filamu inatuonyesha pambano hilo na machozi yaliyofuata, ikaiacha siku ya kukiri. LaMotta mwenyewe alisimulia kwamba baada ya kuitazama filamu alimuuliza Vickie kama kweli alikuwa vile, akajibiwa kwamba alikuwa mbaya zaidi.