Mtoto wa Kulea na Shamba la Nyumbani

Yapo maswali ambayo watu huyajibu kwa vitendo kabla ya kuyafikiri kwa maneno. Mojawapo ni hili: mtoto asiyezaliwa nyumbani huwa mwana wa nyumba kwa kitu gani, kwa chakula anacholishwa, au kwa ardhi atakayoachiwa?

Wilaya ya Ngara imelazimika kulijibu mara nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Kagera, tena, ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania, mwaka 1983. Maradhi hayo yaliacha yatima wengi mikononi mwa mabibi na mashangazi.

Katika Keza na vijiji vya jirani migomba huizunguka nyumba, na kati yake hupandwa maharage, magimbi na maboga. Shamba la namna hii halina mizani, aliyepo hula. Migomba ikizaa vema, kumwongeza mtoto mmoja sahanini si jambo zito.

Ni rahisi kumfananisha mtoto huyo na chipukizi la mgomba lililotolewa kwa jirani, ambalo likishika udongo husahau shina lake. Mfano huu wapendeza, lakini si wa kweli. Mgomba hauna kumbukumbu. Mtoto analijua jina alilokuja nalo. Uislamu, unaosifu sana kulea yatima, wataka aendelee kuitwa kwa jina la babaye mzazi. Wako waonao kuwa huko ni kumtenga. Mimi naona ni kumwambia kweli.

Kipimo changu ni jembe. Mtoto wa kuzaliwa akitumwa kupalilia, twasema anafunzwa kazi. Wa kulea akitumwa, jembe lile lile laweza kuwa kodi ya chakula chake, hasa kama mwenziwe amekwenda shule siku hiyo. Tofauti haimo katika kazi, imo katika hesabu iliyofichwa moyoni mwa mlezi. Na watoto ni hodari mno wa kusoma hesabu za namna hiyo.

Hesabu hiyo hufichuka msibani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama huhesabiwa kama aliyezaliwa na waliomwasili. Lakini ni bibi gani wa kijijini aliyefunga safari kwenda mahakamani kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kula kwake? Basi ndugu huja kugawa shamba, na aliyelipalilia miaka kumi huambiwa kuwa alikuwa mgeni. Nisiwadhulumu ndugu hao: ardhi ni ndogo, makaburi ya ukoo yamo humo, nao wana watoto wao. Hata hivyo, kazi iliyopokewa kama kazi ya mwana haiwezi kugeuzwa kuwa ya mgeni baada ya aliyeipokea kuzikwa.

Kwa hiyo deni hili ni la mlezi angali hai. Na awaite ndugu na majirani, aonyeshe mstari wa migomba, amtaje mtoto kwa jina lake alilokuja nalo. Mtoto naye awepo, aambiwe aweke jembe chini asikilize.