Uenyeji wa Kiumbe

Mkulima wa Kabanga, wilayani Kasulu, akiulizwa chakula cha asili cha Buha ni kipi, aghalabu hutaja maharage, mahindi, muhogo na ndizi. Jibu hilo ni kweli kwa mazoea, lakini si kweli kwa nasaba. Maharage, mahindi na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika. Mgomba ulitoka Asia. Hata mchikichi, ambao mawese yake yameisifisha Kigoma, chimbuko lake ni magharibi ya Afrika. Ikiwa wageni hawa wamekaa hata mwenye shamba amesahau kuja kwao, basi uenyeji ni nini?

Swali huzidi uzito likimhusu mnyama, kwa kuwa yeye hapandwi wala hapaliliwi. Nchini Marekani watu hubishana juu ya farasi wa nyikani. Jamii ya farasi ilianza katika bara lile, ikatoweka huko yapata miaka 10,000 iliyopita, kisha Wahispania wakaleta farasi wa kufugwa katika karne ya 16. Sheria ya mwaka 1971 iliwakinga wale waliokuwa huru, lakini haikukata shauri: wako wawaitao wenyeji waliorudi kwao, na wako wawaitao mifugo iliyotoroka.

Kigoma haina farasi wa nyikani, ila ina sokwe. Sokwe wa Gombe na Mahale ni wenyeji bila hoja. Lakini kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na shirika la wanyama la Frankfurt walifungulia sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Walitoka katika bustani za wanyama za Ulaya, na asili yao ilikuwa Afrika Magharibi. Waliozoea kulishwa kizimbani wakajifunza kutafuta matunda na kujenga vitanda mitini. Wakazaa, na wajukuu wao hawakijui kizimba.

Mwenye kushika nasaba atasema hao ni wageni milele. Akishikilia hivyo, na muhogo wa Kabanga hauna budi kung'olewa. Mwenye kushika muda atasema kukaa kumewafanya wenyeji. Huyo naye atazame maji ya ziwa lile lile. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950; amelisha watu wengi na kuviletea kazi viwanda vya minofu, lakini aina nyingi za furu zimetoweka, naye ni miongoni mwa sababu kubwa. Amemtangulia sokwe wa Rubondo kufika, wala miaka yake haikuwarudisha furu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haiulizi mgeni katoka wapi. Yauliza anaishije na waliomtangulia. Ndipo penye kipimo cha haki zaidi. Hata hivyo, sangara hana hatia: hula kama alivyoumbwa. Hatia, kama ipo, ni ya mkono uliomtia majini. Kwa hiyo jina la mwenyeji lisiwe tuzo, wala jina la mgeni lisiwe hukumu. Sokwe wa Rubondo astahili kulindwa pale alipo, na asili yake isemwe kweli. Lakini asichukuliwe kujaza misitu ya Kigoma, kwani damu yake si ya ukoo wa Gombe.

Liko na onyo. Kasulu ni wilaya iliyopokea watu waliokimbia vita, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Maneno mgeni na mwenyeji hutumika huko kila siku, juu ya binadamu. Asitokee mtu wa kuigeuza hoja ya sangara kuwa hoja juu ya jirani. Samaki hawezi kuulizwa nia yake wala kufanya ahadi. Jirani aweza yote mawili. Anayesahau tofauti hiyo hajamwelewa samaki, na jirani amemdhulumu.