Je, Ukisema "Bado Inauma" Umekosa Imani?

Somo: Marko 8:22–25; Warumi 4:17–21; 2 Wakorintho 12:7–10



Kuna swali ambalo huulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, kando, kwa sauti ya chini. Haliulizwi kwenye maikrofoni kwa sababu mwenye kuuliza anaona haya. Leo tuliweke mbele.

Tuseme kuna mama ambaye shingo imemsumbua tangu mvua za mwaka jana. Maumivu yanaanza nyuma, pale kichwa kinapokutana na shingo, yanapanda mpaka nyuma ya sikio, halafu sikio lenyewe linauma. Siku nyingine yanapungua, siku nyingine hayamwachi alale. Jumapili anapita mbele, anawekewa mikono, anaombewa. Kisha maikrofoni inaletwa: "Mama, umepona?" Kanisa lote limenyamaza, linamngoja. Anageuza shingo kidogo. Inauma.

Aseme nini?

Akisema "nimepona, haleluya," tutapiga makofi, naye atarudi kuketi akijua amesema kitu ambacho si kweli, tena mbele ya madhabahu. Akisema "bado inauma," anaogopa ataonekana hana imani, ama ana dhambi iliyofichika, ama amemwaibisha mtumishi wa Mungu. Kwa hivyo wengi huchagua lile la kwanza. Jumatatu wanameza Panadol kwa siri.

Hebu tuulize kwa unyofu: ni lipi kati ya hayo mawili linalompa Mungu utukufu?

Mtu wa Bethsaida alijibu ukweli

Marko anatuambia habari za kipofu aliyeletwa kwa Yesu kule Bethsaida. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu akajibu kwamba anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea.

Sasa fikiria ni nani aliyekuwa amemwekea mikono. Si mwinjilisti mgeni, si mchungaji. Ni Mwana wa Mungu mwenyewe! Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuona haya kusema "bado," ni huyu. Angeweza kusema "naona vizuri" ili asimvunjie Yesu heshima. Lakini alisema kile alichoona, nusu yake na ukungu wake.

Na Yesu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona kila kitu sawasawa. Kumbe jibu la kweli halikufunga mlango wa uponyaji. Yesu aliuliza swali kwa sababu alitaka jibu, na alipopewa lile la nusu, aliendelea na kazi kutoka hapo.

Mtu atasema: "Lakini tumefundishwa kuyataja yasiyokuwako kana kwamba yako." Ni kweli, maneno hayo yako Warumi 4. Lakini soma vizuri: anayeyataja hivyo ni Mungu. Kuhusu Abrahamu, sura hiyo hiyo inasema aliufikiri mwili wake, akaona kwamba umekwisha kama uliokufa, na bado imani yake haikudhoofika. Hakusema yeye ni kijana. Alijua umri wake, na alijua ahadi. Vyote viwili alivibeba pamoja.

Kwa hivyo tutenganishe mambo mawili. "Naamini Mungu ataniponya" ni imani. "Haiumi" ni ripoti. Imani inaweza kwenda mbele ya macho. Ripoti lazima iwe kweli, la sivyo ni ushuhuda wa uongo, na hiyo amri hatujafutiwa.

Watu wa Mungu waliokaa na maumivu

Tunaamini Mungu huponya, na tumewaona walioponywa papo hapo. Sikio pia si jambo dogo mbele zake: usiku ule wa kukamatwa kwake, askari wakiwa wamemzunguka, Yesu alisimama kuponya sikio la mtu aliyekuja na maadui zake (Luka 22:51). Basi usidhani unamsumbua Mungu kwa sikio lako.

Lakini Biblia hiyo hiyo haifichi wengine. Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, akapewa neema badala ya kuondolewa. Timotheo alikuwa na tumbo na maradhi ya mara kwa mara, na Paulo akampa shauri la kitu cha kunywa. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha ni Paulo yuleyule ambaye leso zake zilikuwa zimepelekwa kwa wagonjwa kule Efeso wakapona. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Trofimo alilaumiwa.

Hata katika historia yetu sisi Wapentekoste. Smith Wigglesworth wa Bradford, Uingereza, aliyefariki mwaka 1947, anakumbukwa duniani kote kwa kuombea wagonjwa. Binti yake Alice, aliyesafiri naye katika huduma na aliyeolewa na James Salter, mmishonari wa Kongo, alikuwa na shida ya kusikia. Baba anaombea viziwi, na binti yake ameketi palepale na masikio yake mazito. Je, huyo baba hakuwa na imani? Je, binti hakuwa ameokoka? Tuwe waangalifu na majibu ya haraka tunayowapa wagonjwa wetu.

Je, daktari ni mshindani wa Mungu?

Kuna wanaotaja Mfalme Asa, aliyeugua miguu akawatafuta waganga wala hakumtafuta Bwana (2 Nyakati 16:12). Kosa linalotajwa pale ni kumwacha Bwana. Linganisha na Hezekia. Yeye aliomba, akalia, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi, na baada ya ahadi hiyo nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka, na dawa ikawekwa.

Sisi watu wa Homa Bay tunalijua hili kuliko wengi. Mwaka 2001 shirika la MSF lilianza kutoa ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, wakati ambapo nchini Kenya ni wachache sana waliozipata. Kuna watu wanaoimba kwaya leo kwa sababu waliomba na wakameza. Na kuna wengine walioambiwa watupe dawa ili waonyeshe imani. Hao tuliwazika.

Sasa turudi kwa shingo. Baadhi ya mishipa ya fahamu inayohisi sikio hutoka shingoni, kwenye mifupa ya juu. Ndiyo maana misuli ya shingo ikikaza, sikio linaweza kuuma na ndani yake hakuna kidonda chochote. Jino bovu la nyuma, taya au koo pia vinaweza kutuma maumivu mpaka sikioni. Na kwetu hapa shingo inafanya kazi kweli. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 juu ya kichwa. Kuna karai la omena. Kuna mama anayeinama asubuhi nzima akianika, na kuna kijana anayeinamia simu hadi saa sita za usiku. Maumivu mengi ya shingo ni ya misuli, nayo hupungua kwa kupunguza mzigo, kuinyoosha shingo polepole na kutolala juu ya mito miwili mitatu.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji Jumapili. Homa kali pamoja na shingo iliyokauka isiyoweza kuinama: hospitali leo, si kesho. Vilevile mkono unaokufa ganzi au kuisha nguvu, maumivu baada ya kuanguka au ajali ya boda, usaha au damu sikioni, uvimbe nyuma ya sikio, kusikia kunakopotea, uvimbe shingoni usioisha, chakula kukataa kupita, au kukonda bila sababu. Na tafadhali, usiingize njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku ndani ya sikio, wala usimimine mafuta ya moto.

Na hofu je?

Hapa ndipo wengine wameumia zaidi kuliko shingoni. Mama amepimwa, ameambiwa ni misuli. Anatoka hospitalini amefurahi. Jioni sikio linadunda, na moyo unaanza: "Kama hawakuona vizuri? Kama ni ile iliyomuua shemeji?" Anaipapasa shingo. Baada ya dakika kumi anaipapasa tena, mpaka inauma kwa kupapaswa. Anatafuta kwenye simu, na simu inamletea magonjwa ambayo hajawahi kuyasikia. Jirani naye anaongeza lake: ugonjwa usioisha ni chira, kuna jambo mlikosea nyumbani. Sasa ana mizigo mitatu, na alianza na mmoja.

Tusimcheke. Hofu yake ina historia. Tulizika sana miaka ya tisini, na mtu aliyekulia kwenye matanga alijifunza kwamba kikohozi kidogo kinaweza kuwa mwanzo wa jeneza. Tena tusimwambie "ni mawazo tu." Mtu mwenye hofu hukaza mabega na kuuma meno hata usingizini, na misuli iliyokazwa huuma kweli. Maumivu yanaleta hofu, na hofu inaongeza maumivu.

Je, hofu hiyo ni dhambi? Kuhisi hofu si dhambi. Yesu mwenyewe kule Gethsemane alihuzunika mpaka jasho likawa kama matone ya damu. Swali ni tunaipa hofu kiti gani nyumbani. Na hofu ya ugonjwa ina tabia moja ya kuijua: inataka uhakika wa asilimia mia moja, na ukiipa, inarudi kesho kutaka tena. Leo inataka daktari mwingine, Jumatano inataka kuombewa, Ijumaa kesha, Jumapili mtumishi mgeni. Hata maombi inaweza kuyafanya kama kile kidole kinachopapasa shingo: si tena kuzungumza na Baba, ni kuangalia kama bado inauma.

Imani haipewi uhakika wa aina hiyo. Abrahamu alitoka bila kujua aendako. Sisi tunataka tujue hata kabla ya kulala! Kumwamini Mungu ni kutimiza wajibu wako, kisha kuliacha swali mikononi mwake likiwa bado halijajibiwa, na kuendelea na kazi ya siku.

Wajibu huo ni upi? Pimwa vizuri na mtu aliyesomea. Uliza maswali yako yote palepale, na uliza pia: "Ni dalili gani zikitokea nirudi mara moja?" Ziandike. Pewa tarehe ya kurudi. Ombewa, na umshukuru Mungu. Katikati ya hapo na tarehe hiyo, kama dalili hizo hazijatokea, acha kupapasa, weka simu chini, nenda ukalime, ukashone nyavu, ukatembelee mgonjwa mwingine. Hofu itapiga kelele. Mwanzoni itapiga kelele zaidi. Si lazima inyamaze ndipo uende shambani. Nenda nayo, itachoka njiani. Na ikikunyima usingizi na chakula kwa wiki nyingi, hilo nalo mwambie daktari. Kuna msaada wake, na si aibu.

Neno kwa sisi tunaoshika maikrofoni

Tunaoongoza ibada tuna sehemu yetu. Tukiuliza "umepona?" kwa namna ambayo jibu ni moja tu, tunamfundisha mtu kusema uongo nyumbani mwa Bwana. Tuulize kama Yesu alivyouliza, tukiwa tayari kusikia habari za miti inayotembea. Akisema "bado," tuseme "asante kwa kusema kweli, tutaomba tena." Kisha tuwe na vitendo. Mtu ambaye shingo yake bado inauma anahitaji mtu wa kumbebea mtungi wiki hii, mtu wa kukaa naye kwenye foleni ya hospitali, na wa kumchangia nauli akiambiwa aende Homa Bay. Paulo aliwaambia Wagalatia wabebeane mizigo. Hapa kwetu mizigo mingine ina lita 20.

Na wewe uliyepita mbele Jumapili iliyopita ukasema umepona, na unasoma hapa ukiwa umeshika shingo: mlango haujafungwa. Njoo useme, "Bado inauma, na bado namwamini." Huo ni ushuhuda kamili.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:

1. Katika kikundi chetu, je, mtu anaweza kusema "bado" bila kuhubiriwa?

2. Nitajuaje kama naomba kwa imani, ama nairudia hofu yangu kwa sauti?

3. Wiki hii nitambebea nani mtungi?

Ombi: Baba, wewe unaijua shingo hii kuliko sisi. Tuponye. Na tunapongoja, tupe ulimi wa kweli na moyo uliotulia. Wape madaktari wetu hekima, na utufanye sisi kuwa mikono yako kwa wanaoumwa. Katika jina la Yesu, amina.